Hadithi ya Mama Aliyemwaga Dreni

Ninyi mliopita mikononi mwangu kwenye wadi ya upasuaji wa tumbo mnaijua hadithi ya mama aliyemwaga dreni. Nimeisimulia kwa kila kundi jipya, siku ya pili ya mafunzo, baada ya chai, ili msisinzie. Mama mmoja, nilikuwa nasema, alimwaga maji ya dreni ya mumewe bila kuelekezwa na mtu, na nusura amuue kwa usafi. Mlicheka, mkaandika kwenye madaftari yenu. Sasa nimestaafu, naweza kuwaambia kwamba hadithi ile ni ya kweli yote isipokuwa maneno manne: bila kuelekezwa na mtu.

Mliniomba niandike kumbukumbu zangu za kazi. Najua mlichotaka. Mlitaka ukurasa mmoja wa kubandika kwenye ubao, na picha yangu nikikata keki. Keki ilikuwa nzuri, asanteni, ingawa aliyechagua keki yenye sukari kiasi kile kwa wadi inayotibu kongosho ana utani wake. Lakini ukurasa mmoja hautoshi, na picha naomba msiibandike.

Nilitoka Tanga nikiwa muuguzi kamili, na nilipofika hapa Marekani nikaambiwa si muuguzi mpaka nifanye mitihani upya. Nikafanya. Nilikuwa nimepanga chumba cha chini ya nyumba mtaa wa Columbia Heights, dirisha linatazama miguu ya wapita njia, na siku ya kwanza ya kazi nilipanda treni ya laini ya kijani nimevaa koti la kuazima lililonifika vifundoni. Wadini nikapokelewa na Bi Lorraine, msimamizi wa zamu, Mmarekani mweusi mwenye mvi fupi na miwani ya kamba. Alikuwa amejifunza Kiswahili kwa miaka mingi, kila Jumamosi, kwenye ukumbi wa jumuiya mtaani kwake, na hakuwa amepata wa kuongea naye kazini.

"Habari za asubuhi, dada Saumu," akasema, neno moja moja. "Mimi ninafurahi sana kukutana na wewe leo."

"Shikamoo mama, mie mzima, sijui wewe," nikamjibu kwa kasi yetu ya nyumbani.

Akanitazama. Nadhani katika kitabu chake sentensi ile haikuwemo. Baadaye tulielewana vizuri: nikichoka kwa Kiingereza namjibu Kiswahili polepole, akichoka kwa Kiswahili ananigombeza kwa Kiingereza, na kugombeza alikujua.

Kifaa cha kwanza alichonipa hakikuwa cha kusikilizia moyo. Kilikuwa kikombe cha plastiki chenye mistari ya mililita, kimekwaruzwa, mtu angekitupa. Akanipeleka kwa mgonjwa, akafungua dreni, akamimina maji yake mle kikombeni, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha.

"Kwanza kiasi," akasema. "Halafu rangi. Halafu harufu. Halafu unaandika. Wewe andika kabla ya kunawa, kwa sababu ukinawa unasahau."

"Harufu pia?"

"Pua," akanijibu, na hili alilisema kwa Kiingereza ili nisikosee, "haijawahi kuishiwa chaji."

Kwa mgeni wa kazi hii, nieleze kidogo. Kongosho ni kiungo kilichojificha nyuma ya tumbo, kinatoa maji ya kuyeyusha chakula. Yakiwa ndani ya utumbo ni maji ya kheri. Yakivujia nje, tumboni, hayajui tofauti kati ya nyama ya pilau na nyama yako wewe. Daktari akikata uvimbe kwenye kichwa cha kongosho, kipande kilichobaki anakishona kwenye utumbo, na kongosho laini halishiki uzi vizuri. Kwa hiyo anaacha dreni: mrija mwembamba unaotoka tumboni na kuishia kwenye kibofu cha mpira kinachoenea kiganjani. Mshono ukivuja, dreni ndiyo inayosema. Kazi yetu sisi ni kuisikiliza, siku kwa siku, tukingojea mabaya huku tukimwambia mgonjwa kwamba anaendelea vizuri.

Wagonjwa wa mwanzo siwataji, wengine walitoka kwa miguu yao, wengine hawakutoka. Nilichojifunza kwao ni kwamba kuvuja hakuji na kelele. Kunakuja na mgonjwa aliyekuwa akitania jana na leo hataki utani. Kunakuja na mapigo ya moyo yaliyopanda kidogo tu, ambayo kila mtu ana sababu yake ya kuyaeleza. Bi Lorraine alikuwa akisimama mlangoni, anamtazama mtu, kisha anasema, "Huyu sipendi." Tulikuwa tunampigia daktari simu kwa hilo tu, na daktari alikuwa anakuja.

Kisha Bi Lorraine akastaafu, akaniachia kikombe, na mahali pake pakaletwa kompyuta. Sitaki mseme naisingizia. Siku hizo ulimwengu wote ulikuwa umegundua kwamba matatizo baada ya upasuaji yanaweza kubashiriwa, na sisi tukapewa programu ya kubashiri. Unaiingizia umri wa mgonjwa, uzito, damu yake, ulaini wa kongosho kama alivyouona mpasuaji, na kila zamu unaiingizia maji ya dreni. Nayo inawasha taa kando ya jina: kijani, njano, au nyekundu. Niliiita Mbashiri, na jina likashika. Ilitusaidia, tena mara nyingi. Ilikuwa inakumbuka kipimo cha juzi ambacho sisi tulishakisahau kwa uchovu. Ilikuwa na ubaya mmoja, kwamba inaamini kila inaloambiwa, kama mkwe mpya.

Basi ndipo akaja Mzee Khamis.

Alikuwa Mpemba, mtu mrefu mwenye sauti ya chini, amestaafu kazi ya kusimamia maegesho ya magari mjini, anaishi Takoma Park na mkewe Bi Zuhura. Uvimbe ulikuwa kwenye kichwa cha kongosho. Upasuaji ulichukua kutwa nzima ukaenda vizuri, na siku ya pili akaletwa kwetu, chumba cha kumi na mbili. Nikapangiwa mimi, na kila mtu akafurahi: mgonjwa wa Kiswahili, muuguzi wa Kiswahili, nini tena?

Palikuwa na sheria. Mnaijua, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikiwasomea. Ndugu wa mgonjwa hafundishwi jambo lolote la matibabu ila kupitia mkalimani mwenye cheti, ambaye yuko kwenye simu, na baada ya somo unajazwa ukurasa kwamba ameelewa. Muuguzi anayejua lugha si mkalimani. Hana cheti. Nilipiga simu siku ile, mkalimani akapatikana, kijana wa Nairobi kwa lafudhi yake, ana adabu, lakini ana haraka, na nyuma yake kuna mtu anasaga kitu.

"Mama, sasa huyu sista anataka kukushow vile hiyo chupa inafanya, sawa? Hiyo ya pancreas. Uko na swali?"

Bi Zuhura aliitazama simu jinsi mtu anavyomtazama mgeni aliyepanda juu ya mkeka na viatu.

"Anasemaje huyu?" akaniuliza.

Nikaikata simu. Niliona ni upuuzi: wanawake wawili wa pwani, mmoja wa Tanga na mmoja wa Pemba, tunasubiri mtu wa simu atutafsirie. Nikavuta kiti nikaanza kumfundisha mwenyewe.

"Mzee huenda akarudi nyumbani na hiki kitu, Bi Zuhura, kwa hiyo ujifunze mapema. Tazama. Kikijaa, unafungua kizibo hapa. Unamwaga. Unakiminya mpaka kinywee, unafunga kikiwa kimenywea hivi hivi, ili kivute."

Akakishika, akafanya, mara ya kwanza tu, vizuri kuliko wanafunzi wangu wengi. "Basi?" akauliza.

"Bado, kuna na—"

Kengele ya chumba cha jirani ikalia, ile ya haraka. Nikasimama. "Nakuja sasa hivi, Bi Zuhura. Tutamalizia."

Jirani alikuwa ameuchomoa mrija wa puani na kujaa damu mpaka masikioni. Kwa kumshughulikia yule na makaratasi yake, zamu ikaisha. Nilipokuwa nachukua basi kurudi nyumbani nilihisi nimesahau kitu, nikadhani ni mwavuli.

Siku ya tatu maji ya dreni yakapelekwa maabara. Majibu yalikuwa ya katikati, si ya kutisha, si ya kufurahisha, mpasuaji akasema dreni ibaki siku mbili zaidi tuone. Tukaona. Zamu baada ya zamu, tukienda kupima, kibofu kina maji kidogo mno, mililita kumi, pengine nane, tena meupe kama ya kunywa. Nikaandika. Taa ya Mbashiri ikawa kijani, kijani ya kupendeza. Niliwaonyesha wenzangu. Nilijivuna, wacha niseme ukweli, kana kwamba kongosho lile nimelishona mimi.

Ni kweli Mzee alikuwa na kwikwi. Ilimshika siku ya nne ikagoma kutoka. "Wanamtaja huko kwao Wete," Bi Zuhura akasema, akacheka, nami nikacheka. Mapigo yake yalipanda kidogo, nikasema ni wageni. Maana wageni walikuwa wengi! Kuanzia alasiri wanaingia kwa mafungu, watu wa Takoma Park, watu wa Bladensburg ninakokaa mimi, wengine kutoka Virginia, na chumba kile kilikuwa kinawapokea kama sebule. Shuka zimenyooshwa, kanga mpya imetandikwa miguuni, marashi ya waridi yamenyunyizwa. Nikimuuliza Mzee hali, ananijibu, "Alhamdulillahi, sijambo, nawe hujambo?" Na mimi, niliyezaliwa katika adabu hiyo hiyo, ninayejua kwamba mtu wa kwetu anasema hajambo hata nyumba ikiungua, niliandika kwenye kompyuta: mgonjwa anasema hajambo.

Siku ya tano asubuhi amri ikatoka: dreni itolewe, kesho mgonjwa aende nyumbani.

Nilikuwa nasaini karatasi zake alipokuja Papa Jerome, mzee Mkongo aliyekuwa msafishaji wa sakafu yetu. Uso umemvimba kwa hasira.

"Dada Saumu, mama wa chumba kumi na mbili iko ananikamatia kazi. Tualeti anasafisha yeye, taka anabeba yeye. Siku mbili sijagusa kitu mule. Kila saa iko anamwaga maji, anasuza, anatia marashi. Chefu wa kazi akiniona nimesimama bure atasema nini?"

"Anamwaga maji gani?"

"Ya mzee. Ya ile mpira."

Kalamu niliiacha juu ya karatasi. Niliingia chumba cha kumi na mbili bila kubisha hodi.

"Bi Zuhura, dreni umeimwaga?"

"Nimeimwaga," akasema kwa furaha. "Usiku mara mbili, na alfajiri hii moja. Jana mara nne, kila wageni wakikaribia. Kinajaa upesi, mwanangu, na maji yenyewe machafu, rangi ya matope, yananuka. Sasa nimwache mume wangu watu wamkute na uchafu ule unaning'inia? Namwaga, nakisuza bombani mpaka kinang'aa, nakiminya, nafunga. Kama ulivyonionyesha." Akaniangalia usoni, furaha ikamtoka. "Nimekosea?"

Niligeuka, na mlangoni nikagongana na daktari kijana, mkononi ana mkasi mdogo na pamba, anakuja kukata uzi wa dreni.

"Usiitoe," nikamwambia.

"Kwa nini? Taa ni kijani."

"Nasema usiitoe. Anavuja. Anavuja tangu juzi, maji yanamwagwa chooni kabla hatujapima."

Kijana yule namshukuru mpaka leo, kwa sababu alinitazama na kurudisha mkasi mfukoni. Tukakaa kando ya kitanda tukingoja kibofu kijae. Hakikuchukua muda. Nikamimina kwenye kikombe cha Bi Lorraine, nikakiinua dirishani, na harufu ikanifika kabla ya rangi. Mzee akapata kwikwi, akasema, "Samahanini." Mchana homa ikapanda. Skani ikaonyesha maji yamejikusanya chini ya ini, na jioni Mzee Khamis alikuwa chumba cha wagonjwa mahututi na mirija miwili mingine.

Mbashiri haikukosea, tuelewane. Ilibashiri barabara kabisa hali ya mgonjwa ambaye hakuwepo. Kama dreni ingetolewa asubuhi ile, maji yale yasingekuwa na njia ya kutokea, Mzee angeenda nyumbani Takoma Park kupokea wageni, na wageni wangerudi wiki hiyo hiyo kuzika.

Siku ya nane kikaitwa kikao. Chumba kidogo, wakubwa watatu, mezani simu katikati, Bi Zuhura upande mmoja, mimi upande wa pili na kalamu, maana mimi ndiye niliyetakiwa kujaza fomu ya tukio. Mzee bado alikuwa hajafumbua macho vizuri. Wakubwa hawakuwa wabaya. Waliuliza kwa upole, na yule kijana wa Nairobi, au ndugu yake, akatafsiri.

"Mama, wanauliza, kuna mtu yeyote alikuonyesha vile ya kufungua hiyo kitu?"

Bi Zuhura akaniangalia. Hakuniangalia kwa muda mrefu. Nilijua kinachokuja: atasema ni huyu, na wataniuliza simu ilikuwa wapi, na ukurasa wa kuelewa uko wapi, na nitaondolewa kwa wagonjwa wote wa Kiswahili, pengine kwa wagonjwa wote.

"Hapana," akasema. "Nilimwona nesi mmoja akifanya, nikaiga. Hakuna aliyenifundisha."

Simu ikatafsiri. Mkubwa mmoja akapumua. Kwenye fomu palikuwa na swali: je, familia ilielekezwa? Na visanduku viwili. Mkono wangu ulitia alama kwenye hapana. Niliona haya, niliona haya sana, na mwandiko wangu haukutetemeka hata kidogo.

Uamuzi ulikuwa kwamba Bi Zuhura asiguse tena kitu chochote cha mgonjwa, na tangazo libandikwe mlangoni. Kwa Kiingereza na kwa Kiswahili. Mnadhani nani aliombwa kulitafsiri? Nililitafsiri. Nikaweka na "tafadhali". Kwa wiki tatu Bi Zuhura alikaa kwenye kiti cha pembeni, mikono mapajani chini ya kanga, akituangalia sisi tukimgeuza mumewe, tukimfuta, tukimwaga. Alikuwa ananijibu salamu. Nilimhudumia Mzee Khamis wiki hizo kuliko nilivyowahi kumhudumia mtu. Nilikuwa napima maji yake mpaka tone. Akapona. Siku ya kuondoka alinishika mkono kwa mikono yake miwili akaniombea dua ndefu, nami nikaitikia amina huku namkwepa mkewe macho.

Sehemu iliyobaki mnaijua, maana mliishi ndani yake. Kwa sababu ya tukio lile, wadi ikaamua familia zifundishwe dreni mapema, kwa lugha zao, na wauguzi wanaozijua lugha hizo wapewe cheti cha kufundishia. Yaani lile lililokuwa kosa langu likawa mpango wa hospitali, na mimi nikapewa kuuongoza. Nikaandika mwongozo. Nikaweka jagi lenye mistari katika kila choo. Wagonjwa waliovuja tukawagundua mapema, na waliorudishwa hospitali baada ya kuruhusiwa wakapungua. Hilo halina ubishi, na silionei haya. Wakubwa wakanipa cheti cha pongezi, kipo stoo, nyuma ya feni. Na kila mwaka, siku ya pili ya mafunzo, baada ya chai, nikasimama mbele yenu nikawasimulia juu ya mama mmoja.

Wiki iliyofuata ile keki yenu nilipanda basi kutoka Bladensburg mpaka Takoma Park. Nilikuwa nimepiga simu kabla. Ngazi za jengo zilinuka udi tangu ghorofa ya kwanza, na hapo nikajua ananisubiri. Mzee Khamis alikuwa kwenye kochi, amekonda, mzima wa afya, anatazama mpira kwa sauti ya kuwafikia majirani. Akanipungia mkono akarudi kwenye mpira wake.

"Shikamoo, Bi Zuhura."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Umezeeka."

Akanikalisha jikoni, akaniwekea kahawa na visheti. Nilikuwa nimejipanga na maneno, nikayasema yote upesi yasije yakanikimbia. Kwamba siku ya kikao alinificha. Kwamba nilimwacha abebe kosa langu. Kwamba nimelisimulia kosa hilo kwa watu kwa miaka, kwa jina la mama mmoja, na watu wakacheka. Kwamba naomba radhi.

Alinisikiliza mpaka mwisho huku anafuta meza iliyokuwa safi.

"Ulidhani nilikuficha kwa nini?"

"Kwa heshima, labda. Kwa huruma."

"Huruma!" Akacheka mpaka Mzee akapunguza sauti ya mpira. "Mimi nikuhurumie wewe, mume wangu yuko kule ana mirija kila upande? Sikiliza. Waliponiuliza, nikapiga hesabu. Nikikutaja wewe, watakuondoa. Ukiondoka, nabaki na nani? Na yule wa kwenye simu, anayesema kama anakimbilia basi. Mzee akiamka anaumwa, atamwambia nani? Na nikijitaja mimi, watanifanya nini? Watanigombeza. Kugombezwa nimezoea, nimekaa na mama mkwe miaka kumi na tatu. Basi nikachagua. Nilikuhitaji, na nilijua ukiwa na deni langu utamwangalia mume wangu kama mboni ya jicho lako. Ukamwangalia au hukumwangalia?"

"Nilimwangalia."

"Haya."

Nilikuwa nimeishi miaka yote ile nikidhani mimi na kompyuta ndio wabashiri wa chumba kile.

"Lakini kukusamehe, sikukusamehe," akaendelea, sauti ile ile ya kukaribisha wageni. "Usiondoke hapa ukidhani hivyo. Wiki tatu, Saumu. Mume wangu anavuja jasho, nami nimekaa hapo siwezi hata kumpangusa paji la uso. Na ile karatasi mlangoni, Kiswahili kizuri, kimenyooka, na 'tafadhali' ndani yake. Nilijua nani kaiandika."

Hapo nikalia. Nililia kwelikweli, mtu mzima, kamasi na kila kitu. Aliniacha nilie, akanisogezea kitambaa, hakuniambia ninyamaze. Nilipomaliza akaniongezea kahawa.

"Siku ile uliniambia unakuja sasa hivi," akasema.

"Nilisema."

"Basi umekuja. Tumalizie. Nilikuuliza 'basi?', ukasema bado. Ilibaki nini?"

Nikapangusa pua. "Kupima. Kabla ya kumwaga unamimina kwenye kikombe, unatazama yamefika mstari gani, unatazama rangi, unanusa, unaandika. Ndipo unamwaga."

Alifikiri, kitambaa cha meza mkononi.

"Sasa mbona hiyo siyo ya mwisho?" akasema. "Hiyo ni ya kwanza. Ungeanza nayo."

Nimerudi nyumbani nikaufungua mwongozo wetu, ule mnaoutumia mpaka leo, somo la familia. Hatua ya kwanza: fungua kizibo. Ya pili: mwaga. Ya tatu: minya. Ya nne: funga. Kupima kumeandikwa hatua ya tano, kwa wino mzito, na chini kuna jina langu. Naomba mmoja wenu aende kesho asubuhi, kabla ya zamu, akaisogeze juu.